Mwalimu Mbona na Tanuri la Pili

Mwalimu Mbona hakugombea. Alichaguliwa akiwa msalani.

Wastaafu wa utumishi wa umma walikuwa wamekusanyika katika ukumbi wa chuo cha uuguzi ili wamchague mtu mmoja wa kuwasemea kwenye bodi ya mfuko wao wa pensheni. Jambo hilo lilikuwa la mwisho kwenye ajenda, njaa ilishaanza kuuma, na kila aliyetajwa jina alipatwa na maradhi papo hapo: huyu presha, yule magoti, mwingine ana safari ndefu. Mwalimu aliporudi, bado anajifuta mikono, alikuta ukumbi mzima umesimama unampigia makofi.

"Kuna nini?" alimuuliza mwanamke aliyekuwa karibu na kiti chake.

"Hongera, dada. Umepita bila kupingwa."

"Mbona sikuulizwa?"

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Neno hilo ndilo lililompa jina. Kwa miaka thelathini na minne alifundisha baiolojia, na hakuna jibu alilowahi kulipokea bila kulirudishia swali. Mbona jani lina rangi ya kijani? Mbona moyo unakwenda mbio ukiogopa? Mbona daftari lako linanuka samaki? Wanafunzi wakambandika jina, wakamaliza shule, wakaoa na kuolewa, na watoto wao walipofika darasani kwake walilikuta jina linawasubiri.

Mumewe, dereva wa treni mstaafu, alipokea habari hizo akiwa juu ya ngazi, anapigilia bati lililolegea.

"Bodi?" alisema, misumari mdomoni. "Kuna posho?"

"Posho ndogo na chai."

"Nenda basi. Lakini sikia, mama. Kule ndiko inakotoka pensheni yako na yangu. Usiwaulize mbona, mbona, mpaka wakafunga bomba."

Ofisi za mfuko zilikuwa ghorofa ya tisa ya jengo lenye vioo. Lifti moja ilifanya kazi. Ya pili ilibandikwa karatasi ya kuomba radhi, na karatasi yenyewe ilikwisha kugeuka njano. Chumba cha mikutano kilikuwa na baridi kali ya kiyoyozi. Wajumbe wa zamani walikuja na makoti; yeye hakuambiwa, akakaa kikao chote amejikunyata kama kifaranga kilichonyeshewa. Mbele yake palikuwa na kabrasha lenye unene wa tofali.

Mwenyekiti alikuwa katibu mkuu wa wizara aliyestaafu, mtu mpole, mwenye kipaji cha kusinzia ameketi wima hata mgeni akadhani anatafakari. Aliyesimama kueleza mambo alikuwa meneja wa uwekezaji, mwanamume wa miaka arobaini hivi, suti imembana, viatu vinang'aa. Wenzake ofisini walimwita Asilimia, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kutaja moja. Hata ukimsalimu asubuhi angeweza kukujibu kwamba yu mzima kwa asilimia tisini.

"Ukurasa wa arobaini na moja," alisema Asilimia. "Kiwanda cha simenti, ambacho mfuko wetu una asilimia ishirini na mbili ya hisa zake, kinataka kujenga tanuri la pili. Wanatuomba tuongeze mtaji. Tanuri litawaka kwa makaa ya mawe, litadumu miaka thelathini na tano, na faida tunayogawiwa kila mwaka itapanda kwa asilimia kumi na nne."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mwalimu akanyoosha mkono, kidole kimoja juu, kama alivyowazoeza wengine.

"Samahani. Mwanachama wetu mdogo kuliko wote ana umri gani?"

Swali hilo halikuwamo kwenye kabrasha. Asilimia akainamia kompyuta yake, akabofya, akabofya tena.

"Miaka ishirini na miwili. Muuguzi. Ameajiriwa mwezi uliopita."

"Atastaafu lini?"

"Baada ya miaka thelathini na minane."

"Sawa. Wakati huo sisi tulio humu tutakuwa mbolea." Mjumbe mmoja alipaliwa. "Yeye ndiye atakayekuja kwenye dirisha hapo chini kudai chake. Sasa mbona katika kurasa zote hizi hakuna hata moja inayosema nchi atakayostaafia itakuwaje? Makaa haya ya mawe, miaka hiyo, yatakuwa bado yanaruhusiwa? Yasiporuhusiwa, si tutabaki na tanuri la kufugia popo? Na yakiruhusiwa, moshi wake atameza nani?"

Mwenyekiti alifumbua jicho.

"Mwalimu, karibu sana kwenye bodi. Ila kazi ya mfuko ni kulipa pensheni. Mambo ya moshi yana wizara yake."

"Ndiyo, mwenyekiti. Lakini pensheni huchukuliwa na mtu aliye hai."

Bahati nzuri chai ikaingia, na suala la tanuri likasogezwa mbele hadi kikao kijacho.

Kiwanda hicho hakikuwa kigeni kwa Mwalimu. Dada yake, mkunga mstaafu, aliishi mtaa ulio chini ya kiwanda, na kila alipokwenda kumwona alirudi na nywele zenye mvi zaidi ya alizokwenda nazo. Jumamosi ile alikwenda kwa makusudi, na kwa mara ya kwanza akatazama kwa macho ya mtu anayemiliki kitu.

Mpapai wa uani ulikuwa na majani ya rangi ya majivu. Ndani, vyombo vilifunikwa kwa vitambaa, na vitambaa vikafunikwa kwa magazeti.

"Karibu, mdogo wangu," alisema dada. "Usiegemee ukuta, utageuka sanamu." Akakohoa, akashika kiti, akakohoa tena.

"Kikohozi hicho kina muda gani?"

"Hiki? Ah, tumekwisha kuzoeana. Cha kwangu si kitu. Watoto niliowapokea kwa mikono hii mtaa huu, nusu yao wanalala na kichupa cha pumu chini ya mto. Tumepeleka malalamiko mpaka tumechoka na wao wamechoka."

Mwalimu akapata wazo, na kwa kuwa lilikuwa wazo la mwalimu, lilikuwa na kielelezo. Aliomba shuka jeupe.

"Jipya au la zamani?" dada aliuliza kwa wasiwasi.

"La zamani litafaa."

Wakalianika kwenye kamba ya uani kwa siku saba. Mwalimu alipokwenda kulichukua lilikuwa limekakamaa kama kadibodi, ukilikunja linalia.

Katika kikao cha pili mkurugenzi wa kiwanda alialikwa aje kujieleza mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuuza kitu. Mwalimu alisimama, akalikunjua shuka juu ya meza ndefu. Vumbi likamwagika kwenye makabrasha na ndani ya vikombe viwili vya chai.

"Hili ndilo wanalopumua watu walio chini ya kiwanda chetu," alisema.

Kwa sekunde chache alidhani ameshinda. Kisha mkurugenzi akatabasamu.

"Pole sana, mama. Lakini vumbi liko kila mahali. Barabara ile haina lami, malori yanapita, upepo unavuma. Hata kwangu vumbi lipo. Niwaletee shuka la mke wangu?"

Wajumbe wakaangua kicheko. Mwenyekiti naye alicheka, huku akipangusa miwani. Mwalimu alilikunja shuka lake taratibu, kona kwa kona, masikio yakimwaka moto. Katika miaka yote ya kufundisha hakuwahi kuchekwa na darasa zima. Suala likaahirishwa tena, si kwa ajili ya hoja yake, bali kwa kuwa ilibidi meza ifutwe.

Nyumbani alilitupa shuka kwenye kapu na kukaa kwenye ngazi ya mlango bila kuvua viatu. Mumewe aliketi pembeni. Aliisikiliza habari yote, akauma midomo asicheke, akashindwa kidogo.

"Mzee, na wewe?"

"Nisamehe. Ila nikwambie kitu. Nimeendesha treni miaka thelathini na moja. Watu wamenipungia vitambaa, kofia, hata mtoto mchanga. Nami niliwapungia, nikapita. Treni haisimamishwi kwa shuka, mama. Inasimamishwa kwa breki. Kaulize breki iko wapi."

Kesho yake saa mbili asubuhi Mwalimu alikuwa kwenye mlango wa Asilimia. Meneja huyo alikuwa na ofisi ndogo iliyojaa majalada mpaka dirishani, na mmea mmoja wa plastiki ambao Mwalimu aliutazama kwa huruma ya kitaaluma.

"Nieleze kama unamweleza mtoto wa darasa la tano," alisema akivuta kiti. "Kiwanda kile, breki yake iko wapi?"

Asilimia alifikiri. Hakuna mjumbe wa bodi aliyewahi kuingia ofisini kwake, achilia mbali kumwuliza swali na kungojea jibu.

"Zipo mbili. Ya kwanza ni kura zetu, maana sisi ni miongoni mwa wenye hisa. Ya pili ni ile hela ambayo hatujaitoa."

"Ipi ina nguvu?"

"Ya pili. Asilimia mia."

"Na mbona tusiuze hisa zetu tu, tukajitoa?"

"Tunaweza. Kesho asubuhi atanunua mtu mwingine, tena kwa bei nzuri. Huyo hatakuwa na mwalimu kwenye bodi yake. Vumbi litabaki palepale, ila sisi tutakuwa tumenawa mikono."

Mwalimu akamtazama upya. Kumbe chini ya asilimia alikuwamo mtu.

"Umewahi kufika kiwandani?"

"Nimesoma ripoti zao zote."

"Sikuuliza hivyo."

Wakaenda wiki hiyohiyo. Walivishwa kofia ngumu na vitambulisho vya wageni vyenye maandishi ya mfuko wa pensheni, wakakabidhiwa kwa fundi mkuu wa tanuri, mtu mwembamba aliyeongea kwa kupiga kelele hata mahali pa kimya, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa akishindana na mashine. Aliwapandisha ngazi za chuma, moja, mbili, nne, hadi Asilimia akafungua kifungo cha shingo.

"Hivi ndivyo vichujio!" alipaza sauti fundi, akifungua mlango wa bati. Ndani ilining'inia mifuko mirefu ya kitambaa kigumu, safu kwa safu. "Hewa inapita, vumbi linabaki, tunalirudisha kwenye tanuri linakuwa simenti. Mfuko mmoja unafaa miaka mitatu, minne ukiutunza. Hii ina miaka tisa."

Akashika mmoja, akaingiza kidole kwenye tundu. Kidole kikatokea upande wa pili, akakichezesha kama anawasalimu.

"Kwa siku inapaa mali ya kujaza lori zima. Lori zima! Huko juu, bure!"

"Yaani tunauza simenti kwa mapafu ya watu," alisema Mwalimu, "wala hatukati risiti."

"Unasema?"

"Nasema mbona hamjabadilisha?"

"Naandika maombi kila mwaka. Jibu ni lilelile: hela hakuna, wenye hisa wanataka gawio lao kwanza."

"Wenye hisa gani hao?"

Fundi akainama, akasoma kitambulisho kilichokuwa kifuani mwa Mwalimu, kisha kile cha Asilimia.

"Si ninyi?" alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

Waliposhuka, fundi aliwaonyesha jambo moja zaidi. Nyuma ya ghala palikuwa na kilima cha pumba za mpunga. Mashine za kukoboa za eneo lile, alisema, zilikuwa zikizichoma kandokando ya barabara kwa kukosa pa kuzipeleka. Yeye alizijaribu kwenye tanuri wiki mbili, kimyakimya. Zikikauka vizuri zinaweza kushika nafasi ya theluthi ya makaa ya mawe. Aliandika ripoti. Haikusomwa. Asilimia akaiomba ripoti hiyo, akaikunja, akaiweka mfuko wa ndani wa koti.

Walirudi kwa gari, Asilimia akiendesha. Walipokaribia mjini alipunguza mwendo.

"Zile barua za kudai gawio niliziandika mimi. Kila mwaka, barua moja: tunatarajia gawio lisipungue. Nilijiona najenga pensheni za watu."

"Ulikuwa unajenga."

"Na huyo dada yako uliyeniambia anaishi chini ya kiwanda?"

"Dada yangu naye analipwa na mfuko huuhuu. Tunampa kwa mkono wa kulia, tunamkohoza kwa wa kushoto." Mwalimu alitazama nje ya dirisha. "Usijipige sana, baba. Hata mimi nilikuwa nachukua hela kila mwezi na sikuwahi kuuliza inatoka wapi. Mimi! Na jina langu hili!"

Asilimia akacheka bila kutaka, na kazi ikaanza. Kwa wiki tatu walikutana ofisini kwake kila Jumanne na Alhamisi. Yeye alileta hesabu, Mwalimu alileta maswali, na hesabu iliyoshindwa na swali ilirudishwa ikafanywe upya. Mwisho walikuwa na karatasi mbili tu. Mfuko utatoa mtaji wa tanuri la pili, lakini nusu tu, na nusu hiyo kwanza inunue vichujio vipya vya tanuri la zamani. Nusu ya pili itatoka vipimo vya vumbi vikishachukuliwa na mtu asiyelipwa na kiwanda. Tanuri jipya lijengwe la kuweza kula pumba tangu siku ya kwanza. Na kuanzia hapo, hakuna kabrasha la uwekezaji litakaloingia bodini bila kueleza litawaachia nini, hewani na majini, watu watakaostaafu mwisho.

Mkurugenzi wa kiwanda alipozisoma karatasi hizo kwenye kikao cha tatu, uchangamfu ulimtoka.

"Mnataka kuniendeshea kiwanda?"

Mwenyekiti alikuwa macho yote mawili.

"Hapana, ndugu yangu. Tunataka kuamua hela yetu iende wapi. Ukimpata wa kukupa bila masharti, sisi tutakupigia makofi."

Mkurugenzi alikwisha kujaribu kumtafuta huyo. Asilimia alijua hilo: benki mbili zilikuwa zimekataa kukopesha tanuri la makaa ya mawe matupu, na ya tatu iliuliza maswali yaleyale ya Mwalimu, kwa riba ya juu. Kura zikapigwa. Sita kwa mbili, na mjumbe mmoja, aliyekuwa bado anaililia chai yake iliyoingia vumbi kikao kilichopita, akajizuia kupiga kura.

Kikwazo kilikuwa kimoja, na hakikuwa kidogo. Nusu ile ya mtaji isingetosha peke yake: ili vichujio vinunuliwe haraka, kiwanda kisingetoa gawio mwaka ule. Bila gawio hilo, nyongeza ya pensheni iliyoahidiwa ingechelewa mwaka mzima. Na kwa kanuni za mfuko, nyongeza haiguswi bila wanachama wenyewe kuridhia.

Kwa hiyo wakarudi ukumbi uleule wa chuo cha uuguzi, safari hii watu zaidi ya mia nne, wengine wamesimama madirishani. Habari ya nyongeza ilikuwa imetangulia, na habari ya namna hiyo haihitaji tarumbeta. Mwalimu alipanda jukwaani, akaeleza. Hakuonyesha shuka. Alieleza tundu lililopitisha kidole, lori linalopaa kila siku, na barua ya kila mwaka iliyotoka kwao wenyewe bila wao kujua. Aliwaambia wazi kwamba mwaka ujao hawatapata kitu zaidi.

Minong'ono ikapanda. Kipaza sauti kikapelekwa katikati ya ukumbi, na wa kwanza kukishika alikuwa mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya reli.

"Mheshimiwa mjumbe," alisema mumewe.

Watu waliomjua wakaanza kucheka. Mwalimu akashika meza.

"Mheshimiwa mjumbe, mimi ni dereva mstaafu, na baadhi ya watu humu wanajua ninalala nyumba gani." Kicheko. "Sina swali la vumbi. Vumbi ni baya. Swali langu ni hili: mimi nina miaka sitini na minane. Mnaniambia ningoje mwaka. Mwaka wa kijana na mwaka wangu ni sawa? Huyo muuguzi wa miaka ishirini na miwili ana muda wa kungoja. Mbona hamkumwambia yeye angoje?"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Lilikuwa swali zuri, tena lilianza na neno lake mwenyewe. Mwalimu alisubiri makofi yaishe, na katika kusubiri huko aliamua asipambe.

"Mzee wangu, mwaka wako si sawa na wake. Wako ni ghali zaidi. Sitakudanganya kwamba utafidiwa. Kuna watu humu wataombwa kutoa kitu ambacho hawatakiona kikirudi, na mimi ni mmoja wao. Lakini huyo muuguzi anakatwa mshahara mwezi huu huu ili wewe ulipwe. Hela yake ndiyo unayokula, na hajakuuliza mbona. Kitu pekee tunachoweza kumlipa ni kutomwachia kiwanda kilichokufa na kifua kibovu. Nikikosea, mnitoe. Mlinichagua nikiwa chooni, hata kunitoa hakutakuwa na ugumu."

Walicheka, lakini kicheko cha safari hii kilikuwa na kitu ndani yake. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mpima ardhi alisimama akampinga. Mwanamke aliyekuwa karani wa mahakama alisimama akamuunga mkono, akasema mjukuu wake ni mmoja wa wale wa kichupa cha pumu. Wakasema mpaka koo zikakauka. Kisha masanduku ya kura yakapitishwa safu kwa safu.

Mia mbili thelathini na mmoja walikubali. Mia moja themanini na wanane walikataa.

Mwalimu na mumewe walirudi nyumbani kwa miguu, jua la alasiri mgongoni.

"Na wewe ulipiga ipi?" aliuliza Mwalimu.

"Hapana."

"Mzee!"

"Kura ni siri, umeniuliza mwenyewe. Nyongeza ile nimeihesabia tangu mwaka juzi." Wakatembea hatua kadhaa. "Ila ulijibu vizuri. Ulipomaliza nilitaka kubadilisha, sanduku likawa limekwisha kupita."

"Ungeliita."

"Kwa watu wote wale? Nina heshima yangu."

Mwalimu alimsukuma begani kwa nguvu iliyozidi kidogo ya utani, na alinuna mpaka chai ikaiva. Baada ya hapo hawakulizungumza tena, isipokuwa kila mwezi pensheni ilipoingia, ambapo mzee alikuwa akisema "ileile" kwa sauti ya mtu anayesoma wosia.

Vichujio vilifungwa miezi mitano baadaye. Si kila kitu kilikwenda kama karatasi mbili zilivyosema. Pumba za msimu wa kwanza zililetwa mbichi, tanuri la zamani likatapika moshi mweusi siku tatu mfululizo, na Mwalimu akapigiwa simu na watu ambao hakuwahi kuwapa namba. Fundi mkuu akajenga banda la kukaushia, akapaza sauti kwa wote waliohusika, mambo yakatengemaa. Ujenzi wa tanuri la pili ulichelewa. Mkurugenzi alirudisha uchangamfu wake na kuanza kuwatembeza wageni kwenye vichujio, akiwaeleza jinsi alivyopata wazo hilo. Asilimia alimsikia kwa masikio yake, akaja kumsimulia Mwalimu kwa hasira.

"Mwache," alisema Mwalimu. "Mtu akiiba wazo jema, anakusaidia kulibeba."

Mwenyekiti alianza kuwaagiza wenye makabrasha waandike ukurasa ule wa watakaostaafu mwisho. Kampuni moja ya mashamba iliondoa ombi lake kimya kimya baada ya kujaribu kuuandika. Nyingine iliandika uongo, ikarudishiwa na maswali kumi na manne.

Dada alipiga simu siku moja asubuhi, sauti kali.

"Wewe mdogo wangu, umenifanyia nini?"

Moyo wa Mwalimu ukashtuka. "Kimetokea nini? Kifua?"

"Kifua kiko palepale, kimepungua kidogo, usiku nalala. Nasema habari ya jirani! Miaka kumi na mmoja nimeishi nikijua paa lake ni la kijivu. Mvua imenyesha juzi, limeoshwa, na halijarudia kuchafuka. Kumbe ni jekundu! Jekundu lile la kupiga kelele! Linanitazama dirishani kutwa nzima."

"Pole, dada."

"Pole haisaidii. Mbona hukuniambia kuna gharama?"

Mwalimu alicheka mpaka mumewe akaja kuchungulia mlangoni kuona kulikoni. Akampa simu azungumze na shemeji yake, akaenda kuvaa koti. Saa tatu alikuwa na kikao, na ghorofa ya tisa ilikuwa na baridi.